Usiku Niliowavalisha Mastaa

*Ukikaa kiti cha mbele unaona taa, nguo za nguvu na sura unazozijua kwenye magazeti. Nyuma ya pazia kuna jasho, sindano na watu ambao majina yao hayatajwi. Mhariri wetu aliwahi kuwa mmoja wao, na anakusimulia.*

Saa nne kasoro dakika tano usiku. Nimepiga magoti sakafuni, mdomoni nimebana pini tatu, mkononi nina kiatu cha kushoto cha namba 41, na mwenye mguu wa namba 41 simuoni. Juu ya kichwa changu dada mmoja anapuliziwa dawa ya nywele, nusu ya dawa inaishia machoni mwangu. Mbele ya pazia muziki unadunda, watu wanapiga makofi. Nyuma ya pazia mtu anapiga kelele, "Namba tisa! Namba tisa yuko wapi?"

Namba tisa alikuwa wangu. Na kiatu chake ndicho nilichokuwa nimekishika.

Ilikuwa mwaka 2011, niko mwaka wa tatu chuo kikuu nikisomea mawasiliano ya umma. Bumu lilikuwa limekata wiki mbili kabla, na wewe uliyesoma chuo unajua maana yake: chai ya rangi asubuhi, chipsi kavu jioni, ukibahatika. Rafiki yangu wa bwenini akaja na habari njema. Kuna onyesho kubwa la mavazi katika hoteli moja jijini Dar es Salaam, wanatafuta wasichana wa kuvalisha wanamitindo. Malipo shilingi 30,000, chakula cha jioni, na juu yake unawaona mastaa wa filamu na Bongo Fleva bure bila kiingilio.

Nani angekataa? Kuvaa nilijua tangu utoto. Nikadhani kumvalisha mtu mwingine ni jambo lile lile.

Jamani!

Jukwaa la Bongo lilivyokua

Kabla sijaendelea, tukumbushane kidogo tulikotoka. Mashindano ya Miss Tanzania yaliporudi mwaka 1994, wasichana wengi wa Kitanzania walipata kwa mara ya kwanza mahali pa kujifunza kutembea jukwaani mbele ya halaiki. Kutoka huko wakatokea waliovuka mipaka. Happiness Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, alikwenda kufanya kazi ya uanamitindo New York na dunia ikamjua kwa jina la Millen Magese. Mwaka 2007 Flaviana Matata akapanda jukwaa la Miss Universe kule Mexico na kichwa chake kilichonyolewa kipara, akaingia kumi bora, na wengi wetu tuliokuwa tunaamini urembo ni nywele ndefu tukabaki midomo wazi.

Mwaka uliofuata, 2008, mbunifu Mustafa Hassanali, ambaye kwa masomo yake ni daktari wa binadamu, akaanzisha Swahili Fashion Week hapo hapo Dar es Salaam, na wabunifu wa Afrika Mashariki wakapata jukwaa la kila mwaka. Baada ya hapo mji ukachangamka. Maonyesho madogo madogo yakawa yanaota kila kona: ya kuchangia watoto yatima, ya kuzindua vipodozi, ya kufungua mgahawa. Ilimradi kuna ukumbi, kuna DJ na kuna mastaa wa kukaa mbele, basi onyesho lipo.

Hilo nililofanyia kazi lilikuwa moja ya hayo. Jina lake naliweka kapuni, na utaelewa kwa nini.

Dunia ya nyuma ya pazia

Tiketi ziliandikwa saa moja kamili usiku. Sisi tuliambiwa tufike saa nne asubuhi. Nilipouliza mbona mapema hivyo, msimamizi wetu alinitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini wali unapikwa kabla ya kuliwa.

Kumbe onyesho huanza siku kadhaa nyuma. Kila mwanamitindo anajaribishwa nguo zake zote, zinabanwa pale zinapopwaya, kisha anapigwa picha akiwa amevaa kila kitu, kuanzia hereni hadi viatu. Picha hiyo inatundikwa kwenye henga pamoja na nguo, na vitu vidogo vidogo vinatiwa kwenye mfuko wa nailoni unaofungwa hapo hapo. Siku ya onyesho mvalishaji hatakiwi kufikiri. Anatakiwa kutazama picha na kufanya kama ilivyo kwenye picha. Mkufu ukiwa shingoni kwenye picha, usiuweke mkononi eti unapendeza zaidi. Hakuna aliyekuuliza maoni yako.

Ukutani kulikuwa na karatasi kubwa ya mpangilio: nani anatoka wa kwanza, nani anafuata, kavaa nini, wimbo gani unapigwa. Karibu na pazia alisimama kaka mmoja mwenye redio sikioni. Huyo ndiye Mungu mdogo wa usiku ule. Akisema "toka", unatoka. Akisema "subiri", hata kama ni staa wa namna gani, anasubiri.

Sisi wavalishaji tulivaa nyeusi tupu ili hata tukionekana kwa bahati mbaya tusionekane. Pete tulivua zisije zikakwaruza hariri. Lipstiki hairuhusiwi, maana ukimkumbatia mtu kumfungia vifungo unamwachia alama ya midomo mgongoni. Nilijifunza mambo ambayo hakuna mhadhara ungenifundisha. Nguo nyeupe inapopitishwa kichwani, mfunike kwanza mwanamitindo uso kwa kitambaa chepesi, la sivyo poda yote inahamia kwenye nguo. Maji wanakunywa kwa mrija ili rangi ya midomo isiharibike. Viatu vikiwa vikubwa, sindilia pamba mbele. Soli zikiteleza, bandika chini gundi ya karatasi. Zipu ikigoma, ipake mshumaa au sabuni ya kipande, italainika.

Na mastaa? Weee! Walikuwepo. Ila nikwambie ukweli, staa akiwa amevaa soksi za mpira na rola kichwani, anakula sambusa huku ameshika leso chini ya kidevu isimwagikie, ni mtu kama mimi na wewe. Mmoja alikuwa anamnong'oneza mtoto wake kwenye simu alale. Mwingine, sura inayobandikwa kwenye mabango, alikuwa anatetemeka mikono kwa woga. Aliniomba nimshike kidogo. Nikamshika.

Fundi wa kona ile

Katika kona, mbali na vioo na taa, aliketi mama mmoja wa makamo kwenye kiti cha plastiki. Kitenge kiunoni, miwani puani, futi shingoni, mto mdogo wa pini umefungwa kwenye kiganja. Kila baada ya dakika mtu alimletea kitu: mkanda umekatika, kifungo kimeng'oka, pindo limeshuka. Anapokea, anatazama, anashona, anarudisha. Hasemi neno.

Nilidhani ni mfanyakazi wa hoteli. Rafiki yangu akanicheka. "Wewe! Nguo zote za mbunifu wetu unazoziona hapa kazishona yeye."

Zote. Nguo ishirini na mbili. Mbunifu alichora, akachagua vitambaa, akakaa na wateja na waandishi. Mama alikata na kushona, kwenye cherehani ya miguu, kwa sababu mwaka ule mgao wa umeme ulikuwa mkali na wenye cherehani za umeme walikuwa wanalala na kazi za watu. Kwenye kijitabu cha onyesho, chenye majina ya wadhamini, mpambaji wa nywele, mpiga picha na hata kampuni ya maji ya kunywa, jina lake halikuwemo.

Wakati ule sikuona ajabu. Naona ajabu leo.

Hata wakubwa yamewakuta

Usifikiri mshikemshike huu ni wa kwetu tu kwa sababu ya Bongo yetu. Nilipoanza kazi ya uandishi nilisoma habari za onyesho la Versailles, Ufaransa, la tarehe 28 Novemba 1973. Wabunifu watano wa Kifaransa, akiwemo Yves Saint Laurent na Hubert de Givenchy, walikutana na watano wa Marekani kwenye kasri la wafalme, mbele ya wageni kama 700. Malkia wa filamu Grace Kelly, wakati huo mke wa mtawala wa Monaco, alikuwa ukumbini. Liza Minnelli na Josephine Baker walipanda jukwaani.

Nyuma ya pazia, Wamarekani walikuwa wameumbuka. Pazia lao la picha la nyuma ya jukwaa halikuenea, kwa sababu vipimo vilichanganywa kati ya futi na mita. Ikabidi wacheze jukwaa likiwa karibu tupu. Walioubeba usiku ule ni wanamitindo wao, wakiwemo weusi kama Pat Cleveland na Bethann Hardison, ambao hata bila mapambo waliwafanya Wafaransa wasimame na kushangilia. Na kati ya wasaidizi waliokuwa wanahangaika huko nyuma alikuwepo binti mmoja msaidizi wa mbunifu Anne Klein. Anne Klein alifariki mwaka 1974, yule msaidizi akashika nafasi yake. Jina lake ni Donna Karan, na baadaye dunia nzima ikalijua.

Au mkumbuke Naomi Campbell, Paris, mwaka 1993. Vivienne Westwood alimvalisha viatu vyenye visigino vya zaidi ya sentimita 20. Akaanguka katikati ya jukwaa, akakaa chini, akacheka. Viatu vile leo vinahifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la V&A, London. Watu wanaikumbuka ile picha kwa furaha. Mimi nikiitazama, namfikiria yule aliyemfunga kamba za viatu dakika moja kabla. Sijui alilala vipi usiku ule, ila najua mimi nililala vipi wangu.

Dakika moja na nusu

Namba tisa nilimpata. Alikuwa chooni. Akavaa kiatu huku anatembea, akatoka kwa wakati, nikapumua. Nikaanza kujiona mzoefu.

Onyesho lilikuwa lifungwe na staa mmoja wa filamu, yule yule aliyeniomba nimshike mkono. Angetoka wa mwisho na gauni refu la rangi ya dhahabu lenye zipu ya kujificha ubavuni. Aliyetakiwa kumvalisha aliitwa kwingine, nikaambiwa nishike mimi. Nilikuwa na dakika moja na nusu.

Kwenye karatasi iliyotundikwa na gauni, chini ya picha, kulikuwa na maneno kwa kalamu ya wino: *Shikilia bitana kwanza, ndipo uvute zipu.* Niliyasoma? Niliyaona. Kuona na kusoma ni vitu viwili. Nje muziki umebadilika, kaka wa redio anahesabu vidole, staa anapumua kama aliyekimbia. Nikavuta. Zipu ikapanda mpaka kiunoni, ikang'ata bitana, ikakwama. Nikarudisha nyuma, ikagoma. Nikavuta kwa nguvu.

Ile sauti sitaisahau. Meno ya zipu yaliachana kuanzia nyonga hadi kwapani, ubavu wote ukawa wazi.

Sikupiga kelele. Nilisimama tu. Kabla sijafungua mdomo nikasukumwa pembeni, na mama wa kona alikuwa tayari amepiga magoti, sindano imeshatungwa uzi. "Inua mkono mwanangu, usipumue," alimwambia staa. Akamshonea gauni mwilini, kwa mkono, mishono mirefu ya haraka, akiupita mwili kwa unene wa kucha. Kaka wa redio alikuwa ameng'ang'ania pazia. DJ akaambiwa arudie kipande. Mama akakata uzi kwa meno. Staa akatoka.

Makofi yalitikisa ukumbi. Picha za gauni lile zilitoka magazetini wiki ile, na hakuna aliyejua kwamba aliyelivaa alikuwa ameshonewa ndani kama mto.

Lakini aliporudi hakuweza kulivua. Ikabidi likatwe kwa mkasi. Na gauni lilikuwa na mteja wake tayari, lilikuwa lichukuliwe kesho yake.

Mbunifu alikuja na tabasamu la jukwaani, maua bado mkononi. Alipoona gauni limekatwa, tabasamu likafutika. Hakuniuliza mimi. Alimgeukia mama. "Mama, si nilikwambia zipu za bei rahisi sizitaki? Unaniaibisha mbele za watu? Hii inatoka kwenye hela yako."

Watu wote wakanyamaza. Mama alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa tena. Hakujibu.

Na mimi, msomi wa mawasiliano ya umma, mtu ambaye wiki hiyo hiyo alikuwa ameandika insha juu ya kusema ukweli, nilikuwa hatua mbili kutoka pale. Nilikuwa nakunja soksi. Niliendelea kukunja soksi.

Ndani ya bajaji

Mchumba wangu alikuwa ukumbini. Nilikuwa nimemtafutia nafasi ya kusimama nyuma kabisa. Tulipanda bajaji saa saba usiku, yeye mdomo haumfungi. "Lile gauni la mwisho! Mlifanyaje? Yaani ukumbi mzima umesimama!"

Nikamwambia. Nilidhani atanifariji, aseme hayo ni mambo ya kazini, yatapita. Nilitaka aseme hivyo. Yeye akanyamaza mpaka tulipofika taa za barabarani, kisha akauliza, "Huyo mama kakatwa kiasi gani?"

"Sijui."

"Na wewe umelipwa?"

"Elfu thelathini."

Akatazama nje muda mrefu. Halafu akasema, "Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa getini kwenu."

Wasomaji wetu huwa mnaandika mkiuliza: nitajuaje kama huyu ndiye mwenzi wangu? Mnataka orodha, na kwa miaka mingi tumewapa orodha. Binafsi nilijua mle ndani ya bajaji, na siku ile nilimchukia kwa hilo. Hakunisema wala hakunitetea. Alichofanya ni kukataa kulala na lile jambo, akajitolea kwenda nami.

Kibarazani Kariakoo

Tulimkuta kwenye baraza la duka la vitenge, Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Kongo. Cherehani nne kwenye mstari, yake ya mwisho. Kulikuwa kumeshachangamka, wachuuzi wanaita, mikokoteni inapita. Yeye anashona sare ya shule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Hakuinua uso. "Zipu imekuleta?"

Nililia pale pale barazani, mbele ya wateja. Nikatoa zile elfu thelathini nikaziweka juu ya cherehani. Akazisukuma kwa kidole kama mtu anayesukuma makapi.

"Mama, ulijua?"

"Zipu niliiweka mimi. Maneno kwenye karatasi niliandikisha mimi. Nikasikia imelia, nikajua imevutwa."

"Mbona hukusema?"

Hapo akainua uso. "Ningesema pale, wewe ungelia, yeye angepiga kelele, na yule binti bado hajapelekwa nyumbani. Halafu nani angemwamini fundi?" Akarudi kwenye sare yake, akakanyaga mara mbili tatu. "Hela yako weka. Nachotaka, mpigie simu mwenyewe umwambie. Sasa hivi. Nikiwa nasikia."

Salio sikuwa nalo. Mchumba wangu alikwenda kununua vocha ya jero duka la jirani, na zile dakika za kumsubiri zilikuwa ndefu kuliko usiku mzima. Nilipiga. Nilisema yote, sauti inakatika. Mbunifu alinyamaza, akasema "Sawa," akakata simu.

Mambo hayakugeuka kama kwenye filamu. Mbunifu hakumpigia mama kumwomba radhi. Fedha yake alilipwa baada ya wiki mbili, yote, ikiletwa na kijana wa kutumwa. Mimi sikuitwa tena kwenye kazi zao, na rafiki yangu wa bwenini alininunia kwa sababu naye aliachwa. Ukweli una gharama, na wakati mwingine wanaoilipa ni zaidi ya mmoja. Lakini tangu siku ile, nikimpita mama barazani, naweza kumwamkia nikiwa namtazama machoni.

Na wewe ukitaka kuingia nyuma ya pazia

Kila mwaka tunapokea barua za wasichana na wavulana wanaotaka kufanya kazi za maonyesho ya mavazi. Kazi zipo, na si zote za kupita jukwaani: wavalishaji, wapambaji, wapanga mpangilio, watu wa taa na sauti, wapokea wageni, na mafundi. Haya niliyajifunza kwa jasho:

1. Patana malipo kabla, kwa maandishi. "Utajulikana" si malipo. Hata ujumbe wa simu unaotaja kiasi na siku ya kulipwa unakusaidia kuliko ahadi ya mdomo.

2. Uliza usafiri wa kurudi. Onyesho la saa moja huanza saa tatu, likaisha saa sita. Jua mapema utafikaje nyumbani, na mwambie mtu wako wa karibu uko wapi.

3. Nenda na kifuko chako. Sindano mbili zilizotungwa uzi mweusi na mweupe, pini, mkasi mdogo, gundi ya pande mbili, kipande cha mshumaa, pamba na dawa ya maumivu ya kichwa. Dawa ni ya kwako.

4. Soma kila karatasi iliyotundikwa na nguo. Isome mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya chini, kabla fujo hazijaanza. Mimi nina sababu.

5. Simu weka mbali. Watu wanavua nguo mle ndani. Picha moja inayotoka nyuma ya pazia inaweza kumvunjia mtu heshima yake na wewe kukumaliza kazi.

6. Wajue mafundi kwa majina. Mambo yakiharibika, hao ndio utakaowakimbilia.

7. Ukiharibu, sema. Usingoje kesho yake kama mimi.

Na wewe unayekaa mbele na mwenzi wako, mmevaa mkapendeza, nanyi mna lenu. Makofi ya mwisho huwa ya mbunifu na staa, na wanastahili. Lakini mkiipenda nguo, ulizeni nani aliyeishona. Swali hilo halina gharama. Wabunifu wachache nchini wameanza kuwatoa mafundi wao jukwaani mwishoni, na nilipoona hivyo kwa mara ya kwanza nilipiga makofi mpaka mwenzangu akanigusa bega.

Mwenzangu, ndiyo. Yule wa bajaji. Tulioana mwaka 2015, na gauni langu lilishonwa kibarazani Kariakoo. Bitana yake haijawahi kung'atwa na zipu, maana fundi alikuja kunivalisha mwenyewe, alisema haniamini.

Usiku ule ukumbini, nyuma ya ratiba, chini ya majina ya mpishi, mpambaji na DJ, tulikuwa tumechapisha mstari mmoja: gauni la bibi harusi limeshonwa na, kisha jina lake kamili. Nilimpelekea mezani mwenyewe. Akavaa miwani, akasoma taratibu, akalikunja lile karatasi mara mbili na kulitia kwenye pochi.

"Mmekosea herufi moja," akasema.

Ndiyo maana humu ndani sijalitaja. Nilipomwambia naandika makala hii alikubali niseme yote, ila jina niliache. Wateja wake wanalijua, alisema, na mimi nikilikosea tena atanidai.